Vita vya madumu na malori: jibu kwa fundi wa Morogoro

Fundi magari mmoja wa Morogoro ameniandikia hivi: "Shikamoo mzee. Hapa gereji tunabishana wiki ya pili sasa. Mmoja anasema Marekani ilishinda Vita Kuu ya Pili kwa bomu la atomiki, basi. Mwingine anasema Mjerumani alikuwa na vifaru bora kuliko wote ila alizidiwa watu. Mimi nasema mambo hayawezi kuwa mepesi hivyo. Tuambie ni zana gani hasa na sababu zipi zilizompa Mmarekani ushindi, na je, sisi huku tulichangia chochote? Atakayeshindwa ananunulia gereji nzima soda."

Marahaba, mwanangu. Nimefundisha ugavi wa jeshi miaka mingi kabla ya kustaafu, na swali lako ndilo nililokuwa nikiwatupia wanafunzi siku ya kwanza darasani. Karibu wote walianza na bunduki. Mimi naanza na dumu.

Kama hapo gereji mna dumu la chuma la lita 20, lile la kijani lililobonyeabonyea, litoe nje ulitazame vizuri. Juu lina vishikio vitatu. Ukishika cha katikati unabeba peke yako. Ukishika cha pembeni, mwenzako anadaka cha upande wa pili, mnalipitisha mkono kwa mkono bila kulitua. Yakiwa matupu, mtu mmoja anayakamata mawili kwa mkono mmoja. Mwili wake ni vipande viwili vya bati vilivyochomelewa katikati, na mshono umezama ndani kidogo usije ukagongwa. Ile alama kama msalaba ubavuni haikuwekwa kwa urembo: inalipa bati nguvu na kuliachia nafasi ya kutanuka jua likiwaka. Kifuniko kimefungwa papo hapo kwenye shingo, hakipotei, kinabanwa kwa kidole. Ndani ya mdomo kuna kijibomba cha hewa, ndiyo maana petroli inatoka mfululizo, haitoki kwa kwikwi. Tena hata likijaa linabaki na hewa kidogo juu. Litupe mtoni, linaelea. Lile la plastiki la njano mnalochotea maji nyumbani ni mjukuu wake.

Aliyelibuni ni Mjerumani, mwaka 1937. Mwingereza kule jangwani Afrika Kaskazini alikuwa akibebea petroli kwenye makopo ya bati jembamba, mishono inafumuka njiani, mchanga unakunywa kabla ya injini. Alipoteka madumu ya adui aliyatupa makopo yake akaanza kuiga. Na kwa kuwa Wajerumani aliwapa jina la utani la "Jerry", dumu likaitwa jerrycan, na ndugu zetu wa Kenya wanaliita jerikeni hadi leo. Mmarekani naye aliliiga, na mwanzoni alilichakachua: aliweka kifuniko kilichotaka spana kufungua na faneli kumimina. Fundi yeyote aliyewahi kupewa spea ya kuigiza ataelewa jinsi askari walivyotukana. Lakini aliyatengeneza kwa mamilioni.

Hapo ndipo jibu langu lilipo. Kubuni alibuni Mjerumani. Aliyekuwa na petroli ya kuyajaza, malori ya kuyapakia na meli za kuvusha hayo malori baharini alikuwa Mmarekani.

Jenerali Dwight Eisenhower, aliyeongoza majeshi ya Washirika (Marekani, Uingereza na wenzao) Ulaya Magharibi, aliandika mwaka 1948 kwamba maofisa wengi wa juu walihesabu zana nne kuwa miongoni mwa zilizowafaa zaidi kushinda Afrika na Ulaya: katapila, gari la Jeep, lori la tani mbili na nusu, na ndege ya mizigo aina ya C-47. Mwenyewe alishangaa kwamba hata moja kati ya hizo haikuundwa kwa ajili ya kupigana. Huyo ni jenerali, amepewa vifaru na mabomu ya kila aina, na akiulizwa kilichomsaidia anataja vyombo vya mkandarasi wa barabara.

Tuanze na lori, maana hilo ni lugha yako. Lilikuwa la GMC, ekseli tatu zote zinavuta, na yalitengenezwa zaidi ya 500,000. Agosti 1944 Washirika walichomoka Normandy, pwani ya Ufaransa, na kukimbia kuelekea mashariki kwa kasi ambayo wapangaji wao wenyewe hawakuitarajia. Reli za Ufaransa walikuwa wamezivunja wao kwa mabomu. Bandari ya Cherbourg Wajerumani waliiharibu kabla ya kuiacha. Bandari ya Antwerp, Ubelgiji, ilitekwa mapema Septemba, lakini meli ya kwanza ya mizigo haikuingia hadi mwisho wa Novemba. Katikati hapo jeshi zima lilikula, likapiga risasi na kuendesha magari kwa kutegemea malori. Tarehe 25 Agosti 1944 ulianzishwa msafara uliopewa jina la Red Ball Express: barabara moja ya kwenda, nyingine ya kurudi, marufuku kwa magari ya raia, usiku na mchana. Wakati wa kilele malori karibu 6,000 yalikuwa barabarani, na siku bora yalifikisha tani zaidi ya 12,000. Msafara ulifungwa tarehe 16 Novemba.

Robo tatu hivi ya madereva walikuwa Wamarekani weusi. Jeshi lao lilikuwa bado linatenga watu kwa rangi. Wengi walikatazwa kwenda mstari wa mbele wakapewa usukani na koleo. Ukipenda kejeli za historia, hii ni mojawapo: waliodharauliwa ndio waliokuwa wameshika roho ya jeshi mikononi. Wakiambiwa mwendo usizidi kiasi fulani, walifungua kidhibiti mwendo kwenye injini wakakitupa. Lori la tani mbili na nusu lilipakiwa hadi tani tano. Tairi zilikwisha vibaya, na kisa kimoja hutakitegemea: makopo ya chakula yaliyotupwa kando ya njia yalikuwa yakizichana. Malori yenyewe yalikunywa petroli nyingi mno, na bado Jenerali George Patton alikwama mashariki mwa Ufaransa mwanzoni mwa Septemba kwa kukaukiwa matangi. Kwa hiyo usidhani mambo yalikuwa yanateleza. Yalikwama mara nyingi, ila ya adui yalikwama zaidi. Jeshi la Ujerumani, ambalo tunalionyeshwa likienda kwa vifaru tu, lilivutwa kwa sehemu kubwa na farasi. Walitumia farasi zaidi ya milioni 2 katika vita ile. Farasi hula hata siku asiyofanya kazi.

Katapila sina haja ya kukueleza. Jina lenyewe tunalolitumia limetoka kwenye kampuni ya Kimarekani. Kule Pasifiki vita ilikuwa ya kuruka kisiwa hadi kisiwa, na kila kisiwa kilitaka uwanja wa ndege. Guadalcanal, mwaka 1942, Wajapani ndio waliouanza uwanja, wengi wakichimba kwa sururu na vifaa vichache vya mashine. Wamarekani wakauteka, wakaumalizia, na kila ulipopigwa mabomu wahandisi walifukia mashimo na ndege zikaruka. Jeep zilijengwa zaidi ya 600,000, na mchoro wa kwanza ulitoka kwa kampuni ndogo ya Bantam mwaka 1940, lakini Willys na Ford ndizo zilizopewa kazi ya kuzijaza dunia. C-47 ni ileile Dakota. Zilitoka zaidi ya 10,000, na vita ilipokwisha zikauzwa kila pembe. Hata East African Airways ilizirusha hapa kwetu.

Sasa meli, kwa sababu Marekani ilikuwa mbali na nyanja kuu za vita ile. Umbali huo ulikuwa baraka, maana hakuna kiwanda cha Detroit kilichowahi kupigwa bomu. Ulikuwa pia mzigo: kila risasi ilipaswa kuvuka bahari, na baharini kulikuwa na nyambizi za Kijerumani. Mwaka 1942 nyambizi hizo zilizamisha meli kwa mamia. Jibu likawa meli za Liberty, meli mbaya za sura, zenye mwendo wa noti 11 (kama kilomita 20 kwa saa), injini ya mvuke ya mtindo wa kizamani iliyochaguliwa makusudi kwa kuwa viwanda vingi viliweza kuitengeneza. Zilijengwa 2,710. Henry Kaiser, aliyekuwa mjenzi wa mabwawa na barabara, hakuwa fundi wa meli, na labda ndiyo maana alithubutu: vipande vikubwa vya meli vilijengwa pembeni, vikainuliwa kwa kreni, vikachomelewa mahali pa kupigilia ribiti. Muda wa kujenga moja ulishuka kutoka siku 200 na zaidi hadi wastani wa siku 42. Novemba 1942, huko Richmond, California, SS Robert E. Peary iliteremshwa majini siku nne na saa kama 15 tangu kazi ianze. Ile ilikuwa maonyesho ya kujitangaza, hawakuirudia. Na kuchomelea kuna gharama yake: baadhi zilipata nyufa kwenye baridi, na Januari 1943 meli ya mafuta ya Schenectady ilikatika vipande viwili ikiwa imefungwa gatini huko Portland. Walijifunza, wakarekebisha, wakaendelea. Kufikia 1943 meli mpya zilizidi zilizozama, na hapo hesabu ya nyambizi ikaharibika.

Kijana wako wa vifaru sasa. Ana nusu ya ukweli. Tiger, kifaru kizito cha Kijerumani, mmoja kwa mmoja, alimshinda Sherman wa Kimarekani: mzinga mzito, chuma nene. Lakini muulize swali la gereji. Magurudumu ya Tiger yalipandana kama magamba ya samaki. Likiharibika la ndani, fundi ang'oe kwanza kadhaa ya nje. Tope lilijaa katikati, na usiku wa baridi Urusi likaganda kama zege. Alikuwa na tani 57, madaraja mengi hayakumbeba. Panther, nduguye aliyekuwa mwepesi kidogo, aliua gia zake za mwisho kwa uzito wake mwenyewe, na kuzifikia ilikuwa kazi ya kulia. Sherman alikuwa na tani 30 na ushee kwa sababu alipaswa kuinuliwa na kreni za meli na kupita kwenye madaraja ya muda. Magurudumu yake yalifungwa kwa nje, seti nzima inafunguliwa bolti inawekwa nyingine. Ukitaka gia, unafungua kifuniko cha mbele, mtambo mzima unatoka. Spea ya kiwanda kimoja iliingia kwenye kifaru cha kiwanda kingine, jambo ambalo wewe unalijua thamani yake kuliko mimi. Kifaru kilichopigwa leo kilivutwa usiku, kikaoshwa, kikazibwa, kikarudi kazini. Tiger wa toleo la kwanza walitengenezwa kama 1,350. Sherman karibu 50,000. Wanajeshi waliokaa ndani ya Sherman walilalamika, na kwa haki, kwamba mzinga wao uligonga uso wa Panther na kurudi. Sitawabishia wale. Nasema tu kwamba kifaru kilichoko karakana kinasubiri gia hakijawahi kumpiga mtu.

Nyuma ya yote haya kulikuwa na viwanda na mafuta. Mwaka 1939 jeshi la nchi kavu la Marekani lilikuwa na askari chini ya 200,000. Lakini nchi ilikuwa imetoka kwenye mdororo wa uchumi, mamilioni hawana kazi, mashine zimelala. Vita iliwakuta watu wanaotafuta kibarua. Wanawake waliingia viwandani kuchomelea na kupigilia ribiti. Kiwanda cha Ford cha Willow Run, Michigan, kilifikia kutoa ndege moja ya B-24, yenye injini nne, karibu kila saa. Mwaka 1944 peke yake Marekani ilitoa ndege za kivita kama 96,000, Ujerumani kama 40,000, Japani kama 28,000. Na mafuta: kati ya mapipa bilioni 7 hivi waliyotumia Washirika tangu 1941 hadi 1945, bilioni 6 yalitoka Marekani. Mjerumani alikuwa anakamua petroli kutoka kwenye makaa ya mawe. Aliposhambulia Ubelgiji Desemba 1944, mpango wenyewe ulitegemea kuteka maghala ya mafuta ya Wamarekani. Mtu anayeanza safari akitegemea kuiba petroli njiani, fundi, wewe ungempa gari lako?

Akili nayo ilikuwapo. Rada nzuri ilitokana na kifaa kidogo ambacho Waingereza walikibuni na kukipeleka Marekani mwaka 1940 wakiomba kitengenezwe kwa wingi. Penisilini vilevile ilianzia Uingereza; mwanzoni mwa 1942 matibabu ya mgonjwa mmoja yalimaliza nusu ya akiba yote ya Marekani, lakini baada ya watafiti wa Peoria, Illinois, kupata ukungu mzuri kwenye tikiti lililooza sokoni, ilipofika siku ya kuvamia Normandy kulikuwa na dozi zaidi ya milioni 2. Kwenye mapigano ya Midway, kisiwa cha Pasifiki, Juni 1942, wasomaji wa siri wa jeshi la majini la Marekani walishajua Wajapani wanakuja wapi. Walitega kwa ujanja wa kijijini kabisa: waliagiza kisiwa kitangaze bila fumbo kwamba mtambo wake wa maji umeharibika, kisha wakawasikia Wajapani wakiambiana kwamba mahali wanapopaita kwa jina la fumbo, palepale walipopanga kushambulia, pana shida ya maji.

Katika mapigano hayohayo ya Midway kuna kisa cha mafundi ambacho nakipenda kuliko vyote. Manowari ya kubeba ndege Yorktown ilirudi Pearl Harbor, Hawaii, tarehe 27 Mei ikiwa imetobolewa na bomu. Makadirio yalikuwa miezi mitatu. Admirali Chester Nimitz akawapa siku tatu. Mafundi zaidi ya elfu moja waliingia, wakakata, wakachomelea usiku kucha, hakuna aliyesubiri mchoro kamili. Tarehe 30 ikaondoka, baadhi yao wakiwa bado ndani wanaendelea na kazi. Wajapani waliamini imezama au haifai tena. Ilichangia kuzamisha manowari zao nne za kubeba ndege, kisha nayo ikazama.

Usiondoke ukidhani kila zana ya Kimarekani ilikuwa safi. Kwa karibu miaka miwili nyambizi zao zilirusha torpedo zilizopita chini ya shabaha au kugonga bila kulipuka, na wakubwa ofisini wakawalaumu manahodha. Zilipotengenezeka mambo yakageuka, na nyambizi hizo zikamaliza vita zikiwa zimezamisha zaidi ya nusu ya tani za meli za biashara ambazo Japani ilipoteza.

Na hili linanileta kwa kijana wa bomu. Ujerumani ilisalimu amri Mei 1945. Bomu la kwanza la atomiki lilijaribiwa tarehe 16 Julai mwaka huohuo. Halikumgusa Mjerumani hata kidogo. Japani, kabla ya Hiroshima tarehe 6 Agosti na Nagasaki tarehe 9, ilishakosa meli, mafuta na marubani. Miji yake mingi ilishaungua kwa mabomu ya kawaida. Na katikati ya siku hizo Urusi nayo ikaitangazia vita. Bomu liliharakisha mwisho, wanahistoria bado wanabishana kwa kiasi gani. Mlango ulishavunjwa.

Mwambie pia yule anayesema "Marekani ilishinda" kana kwamba ilikuwa peke yake. Wasovieti kama milioni 27 walikufa, na askari wengi wa Kijerumani walioanguka walianguka mbele yao. Mchango wa Marekani huko ulikuwa uleule wa ubebaji: malori na Jeep zaidi ya 400,000, vichwa vya treni, buti, nyama ya kopo. Mrusi alipigana, akisafirishwa na Studebaker, lori la Kimarekani.

Umeuliza kuhusu sisi. Mwaka 1942 Japani ilipoteka Ufilipino na visiwa vya Waholanzi, Washirika walikosa nyuzi za kamba za meli, na katani ya Tanganyika ikawa mali ya vita. Mashamba hayo unayafahamu, mengine yako mkoani kwako. Waliokata mkonge ule hawakuwa wote wa hiari. Serikali ya kikoloni ilikamata watu kwa amri na kuwapeleka. Pareto ya nyanda za juu za Kenya iliingia kwenye dawa ya mbu ya askari wa Kimarekani. Vijana wetu wa Keya, lile jeshi la kikoloni la King's African Rifles, katika divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walisukuma Wajapani bonde la Kabaw huko Burma katikati ya mvua za 1944, barabara zikiwa uji, na chakula chao kikadondoshwa na zilezile Dakota. Na urani ya bomu, sehemu kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na Wakongo. Tani kama 1,200 za mawe yake zilikuwa tayari ghalani Staten Island, New York, Septemba 1942 afisa wa jeshi alipokuja kuzinunua.

Kuhusu soda: wa bomu alipe nusu, wa Tiger alipe nusu. Wewe uliyesema mambo si mepesi umeshinda, lakini hukusema ni mazito kwa sababu gani, kwa hiyo usafiri wa kreti ni juu yako.